Ukienda Stourhead, nenda kutembea

Nianze na jambo linalowavunja moyo wageni wengi: Stourhead si bustani ya maua. Ukitegemea vitalu vya waridi vilivyopangwa safusafu, utafika, utaona nyasi, maji na miti, halafu utajiuliza kiingilio umelipia nini. Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Tanga, tulikuwa hata hatujashuka ziwani alipouliza, "Maua yenyewe yako wapi, mwanangu?" Nilimwomba atembee kwanza. Nawe nakuomba hivyo hivyo. Bustani za aina hii, ambazo Waingereza walizianzisha karne ya 18 na Ulaya nzima ikaziiga, zilitengenezwa zitembewe. Mtu aliyesimama mahali pamoja akapiga picha na kuondoka bado hajaiona. Kwa hiyo ukipanga safari, panga miguu, mwanga wa jua na njia utakayopita. Mengine yatafuata.

Stourhead iko Wiltshire, kusini magharibi mwa England, karibu na mji mdogo wa Mere. Familia ya Hoare, wenye benki ya London iliyoanzishwa 1672, walilinunua eneo hili mwaka 1717 wakajenga nyumba kubwa juu ya kilima. Bustani ni kazi ya mtoto wa mnunuzi, Henry Hoare wa pili. Mke wake wa pili alifariki 1743, na mwaka uliofuata hekalu la kwanza likaanza kujengwa kando ya maji, mjenzi wake akiwa Henry Flitcroft. Mwanawe wa kiume akafariki Naples, Italia, mwaka 1751. Bustani ilikua katikati ya misiba hiyo. Karibu mwaka 1754 bonde lilizibwa kwa boma la udongo, maji ya chemchemi za mto Stour yakapanda, na ziwa unaloliona leo likapatikana. Ziwa hilo, ambalo kila mgeni hudhani liliumbwa na Mungu pale pale, limetengenezwa kwa mikono ya watu.

Kuna jambo jingine ambalo mabango ya njiani hayatakueleza kwa kirefu. Mwaka 1720 benki ya Hoare ilipata faida kubwa kwa kununua na kuuza hisa za Kampuni ya South Sea, na kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa na mkataba wa kupeleka Waafrika waliouzwa utumwani kwenye makoloni ya Hispania ng'ambo ya Atlantiki. Sisi tuliozaliwa pwani, tuliokua tukisikia habari za Bagamoyo na Pangani, hatuwezi kulitazama ziwa lile tukasahau fedha hutoka wapi. Huwa naenda pamoja na watoto wangu, na haya huwaeleza tukiwa pale pale kando ya maji. Wana haki ya kuyapenda mahekalu yale, na wana haki ya kujua.

Sasa njia yenyewe. Ukiwa na ramani, utaona kijiji cha Stourton, kanisa na daraja la mawe la mwaka 1762 viko upande wa mashariki wa ziwa. Anzia huko, na tembea maji yakiwa mkono wako wa kushoto. Wengine huzunguka kwa kufuata mishale ya saa kwa sababu tu umati umeelekea huko. Usifanye hivyo, kwa sababu mandhari yamepangwa yajitokeze kwa zamu, na ukienda kinyume na mpango huo unasoma barua kuanzia sahihi.

Kwanza simama karibu na daraja. Ng'ambo ya ziwa utaona jengo jeupe lenye kuba na nguzo mbele: Pantheon, la 1753 na 1754, nakala ndogo ya hekalu la kale la Roma lenye jina hilo. Hoare aliandika kwamba daraja, kijiji na kanisa vikionekana pamoja upande wa mwisho wa maji vitakuwa kama picha ya Gaspard, yaani Gaspard Dughet, mchoraji wa Roma aliyependwa sana na matajiri wa Kiingereza wa wakati ule. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini kila kitu kimekaa kama kimepimwa na jicho la mchoraji.

Kisha unafika Hekalu la Flora, mungu wa maua wa Warumi. Juu ya mlango kuna maneno ya Kilatini kutoka kwa Virgil, mshairi wa Roma ya kale, yanayowaambia wasiotakaswa wakae mbali. Wapo wasomi wanaosema matembezi yote yanafuata safari ya Aeneas, shujaa wa utenzi wake, wengine hawakubaliani nao. Mimi nasema tu kwamba baada ya mlango ule mandhari hubadilika. Njia inaingia mitini, Pantheon inapotea, unatembea kitambo huoni kitu ila vigogo na maji yanayometa katikati ya majani. Hapo ndipo wenye haraka huanza kulalamika. Vumilia.

Unapofika upande wa magharibi kuna pango la kujengwa, la 1748. Unashuka ngazi, giza linakupokea, na unasikia maji kabla ya kuyaona. Ndani kuna sanamu ya binti aliyelala juu ya chemchemi, na mbele zaidi sanamu ya mungu wa mto, kazi ya John Cheere. Maji yale ni ya chemchemi ya kweli, na hata mwezi Julai ni baridi. Ukutani kuna tundu kubwa lililoachwa makusudi: chungulia, utaona ziwa na upande ulikotoka. Mama alikaa pale muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, na tulipotoka juani hakuuliza tena habari za maua. Ngazi zina unyevu na mwinuko wake ni mkali, kwa hiyo mshike mkono mzee au mtoto. Asiyeweza kushuka kuna njia ya kupita kando.

Toka pangoni, pita kwenye kijumba cha mtindo wa kale wenye madirisha ya ncha, na ghafla uko mbele ya Pantheon uliyoiona kutoka mbali. Likiwa wazi, ingia. Katikati imesimama sanamu ya marumaru ya Hercules, shujaa wa hadithi za kale, kazi ya Michael Rysbrack. Halafu geuka, kaa kwenye ngazi za nje, uangalie ulikoanzia. Kwangu hapa ndipo mahali pa kupumzika na kunywa chai ya chupa uliyobeba.

Baada ya hapo unapita juu ya boma linaloshikilia ziwa, na utaamua kama utapanda. Hekalu la Apollo, la 1765, liko juu ya kilima, na njia inayopita juu ya tao la mawe ni ya kukwea kweli kweli. Kutoka juu unaona kazi nzima kwa mara ya kwanza. Mwenye magoti mabovu asijilazimishe: njia ya chini inaendelea kando ya maji hadi kijijini. Mama yangu alipita chini na dada yangu, sisi tukapanda, tukakutana darajani. Mzunguko wote una zaidi kidogo ya kilomita mbili. Watakuambia saa moja inatosha. Tenga tatu.

Kuhusu majira. Vuli, kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzo wa Novemba, majani huwa mekundu na ya dhahabu, na umati huwa mkubwa kupita kiasi, hasa Jumamosi na Jumapili. Ukitaka vuli, nenda siku ya kazi, mlango unapofunguliwa asubuhi. Kumbuka pia kwamba Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma, na kuanzia hapo giza huingia mapema, kama saa kumi na nusu hadi saa kumi na moja jioni. Anayeondoka London baada ya chakula cha mchana atazunguka ziwa gizani. Mwezi Mei na mwanzo wa Juni rododendroni hufunua maua. Hizo zilipandwa baadaye, nyingi tangu enzi za mjukuu, Richard Colt Hoare. Hoare wa pili asingezitambua. Kwa mgeni wa mara ya kwanza ushauri wangu ni mwanzo wa Mei: majani mabichi bado mepesi, siku ndefu, na shule hazijafungwa. Julai na Agosti ni kijani kizito kila mahali na watoto wengi, si vibaya ila si bora. Februari ni kwa wenye makoti mazuri, lakini miti ikiwa tupu utaona jinsi bonde lilivyoumbwa.

Usafiri unahitaji uangalifu. Kwa treni, panda stesheni ya Waterloo, London, kwenye njia ya kwenda Exeter, ushuke Gillingham, safari ya saa mbili hivi. Uingereza ina Gillingham mbili. Unayoitaka iko Dorset, nyingine iko Kent, upande tofauti kabisa wa London. Ukinunua tiketi mtandaoni, hakikisha jina la mkoa. Kutoka stesheni hadi bustanini ni zaidi ya kilomita kumi, na teksi hazikai zikisubiri abiria kama mjini, kwa hiyo piga simu uikodi siku moja kabla, ya kwenda na ya kurudi. Kwa gari, utapita barabara ya A303, inayopita pia Stonehenge, penye mawe makubwa ya kale, na foleni ya pale wikendi za kiangazi inajulikana nchi nzima. Watu hupenda kuunganisha Stonehenge na Stourhead siku moja. Sikushauri: utayaona mawe, utafika ziwani umechoka, na ziwa ndilo linalohitaji nguvu zako.

Bustani inatunzwa na National Trust, shirika la hifadhi, tangu 1946. Wenye mali walioikabidhi walikuwa wamempoteza mtoto wao wa pekee katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kama mnaishi huku na mnapenda kutoka na familia, piga hesabu ya uanachama wa mwaka, kwa sababu kadi huingiza watu na gari kwenye mamia ya maeneo. Mtu mwenye ulemavu anaweza kupata kadi ya msaidizi wake kuingia bure. Nyumba juu ya kilima ina ratiba yake tofauti na bustani na mara nyingi hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo angalia tovuti yao asubuhi ile ile ya safari. Upepo mkali pia huifunga bustani, kwa sababu ya miti mikubwa. Mwenye kiti cha magurudumu apige simu kabla, aulize hali ya njia na usafiri wa ndani.

Vaa viatu vyenye kushika matope hata jua likiwaka. Maliza haja zako kwenye vyoo vya mapokezi kabla ya kushuka, maana ukishaanza kuzunguka ziwa ni hadi urudi. Chakula beba mwenyewe: chapati na maharage kavu zilitufaa kuliko sandwichi za mgahawa, na nyasi za kukalia zipo tele. Moto hauruhusiwi. Mbwa huingia wakiwa wamefungwa kamba, kwa saa zinazobadilika kufuatana na msimu, hivyo wenye wazee wasiopenda kuguswa na mbwa waangalie saa hizo kabla. Kwa swala ya adhuhuri sisi tulitandika mkeka nyuma ya miti, mbali kidogo na njia, na hakuna aliyetusumbua.

Nguvu zikibaki, kilomita chache kutoka nyumbani kwa Hoare kuna mnara wa matofali wa Mfalme Alfred, uliomalizika 1772, wenye pembe tatu, urefu wa mita 49 na ngazi 205. Hufunguliwa siku maalumu tu. Kwa walio London wasioweza kwenda mbali hivyo, Painshill iko Surrey, karibu na Cobham. Charles Hamilton aliitengeneza kuanzia 1738, naye na Hoare walifahamiana. Ina ziwa, pango na hekalu lake, na kutembea kwake kunafuata mantiki ile ile. Inaendeshwa na shirika lake lenyewe, kwa hiyo usitegemee kadi ya National Trust mlangoni.