Ukisikia muvi "imefungiwa", uliza kwanza imefungiwa na nani na kwa kosa gani

Mimi kazi yangu kwa muda mrefu ilikuwa kuuza muvi, tulianza na CD za kuchoma afu mambo yakahamia kwenye flashi, na nakwambia hakuna neno linalouza kama "imefungiwa". Ukiwa na folda kwenye kompyuta umeiandika HORA tu, yaani muvi za kutisha, wateja wanaipita kama hawaioni, wanataka zao za Kikorea na za ngumi. Ibadilishe jina, iandike HORA ZILIZOFUNGIWA, uone. Dogo anavuta stuli anakaa, simu anaweka pembeni, anaanza kukuuliza hii inahusu nini, na hii je, wameikataa nchi gani. Hata yule anayeogopa giza hataki kuondoka bila moja.

Na kwa sababu mpaka leo watu bado wananiuliza "mkuu nitumie listi ya muvi za kutisha zilizopigwa marufuku duniani", ngoja niandike ninavyowajibu, na wazazi msikimbie, nusu ya haya ni yenu.

Kwanza hakuna muvi iliyofungiwa "duniani". Kila nchi na bodi yake ya kupima filamu, kila bodi na vituko vyake. Chukua Terrifier 3, ile ya yule klauni Art mwenye uso mweupe, ilivyotoka 2024 vijana wakawa wanasema imefungiwa Ufaransa. Wapi. Ufaransa waliipa alama ya miaka 18 na kuendelea, basi. Kilichofanya iwe habari ni kwamba wenzetu kule hora nyingi zinaishia kwenye 12 au 16, na kabla ya hapo hora kupigwa 18 kwa ajili ya ukatili ilikuwa Saw III mwaka 2006. Uingereza nayo ikapewa 18 ikaonyeshwa kama kawaida. Marekani ikaingia majumba ya sinema bila alama yoyote, na hapo tena watu wakasema "si unaona, imekataliwa". Hapana bwana. Marekani siku hizi hakuna bodi ya serikali ya kufungia muvi, mambo yalianza kubadilika mwaka 1952 Mahakama ya Juu iliposema sinema nayo inalindwa na uhuru wa kujieleza. Hizo alama za umri kama R na NC-17 zinatolewa na chama cha studio zenyewe, na mwenye muvi asipotaka kuipeleka wakaipime haipeleki. Kwa hiyo ukikuta kava limeandikwa UNRATED jua tu toleo hilo halikupimwa, sio kwamba lilikamatwa na polisi.

Ila ukitaka kuelewa hii biashara ya kufungia inavyokwendaga, ukaisikie Uingereza ya miaka ya 80. Mikanda ya VHS ilivyoingia, sheria zilikuwa za majumba ya sinema, mkanda wa nyumbani haukuwa na mwenyewe, yaani hata duka la mchele na sabuni lilikuwa linakodisha. Sasa zikaingia hora za bei rahisi kutoka Italia na Marekani, makava ya kutisha kuliko muvi zenyewe (hiyo mbinu tunaijua wote), magazeti yakapiga kelele, mama mmoja anaitwa Mary Whitehouse akaongoza kampeni, zikapewa jina la "video nasties", yaani video za kuchukiza, na polisi wakaanza kuvamia maduka. Ofisi ya mwendesha mashtaka ikatoa listi, ukijumlisha zote zilizowahi kuingia ni 72, na kati ya hizo 39 ndo zilizotiwa hatiani mahakamani. Askari wenyewe hawakuwa watu wa muvi, walibeba mpaka The Best Little Whorehouse in Texas, muvi ya kuimba na kucheza, yumo Dolly Parton, kisa jina lina neno danguro!

Mwaka 1984 wakapitisha sheria kwamba kila mkanda lazima upimwe na bodi, BBFC, ambayo mwaka huo huo ikabadilisha jina, ikatoa "Censors" ikaweka "Classification". Na ile listi ya polisi ikafanya nini? Wapenda hora wakaigeuza listi ya manunuzi. Kama mtu mwenye duka nawaelewa kabisa. Halafu sikia hii, 2009 serikali ikagundua kwamba ile sheria ya 1984 haikupelekwa Ulaya kule Brussels kama ilivyotakiwa, kwa hiyo miaka 25 watu wanashtakiwa kwa sheria ambayo kisheria haina meno, ikabidi waipitishe upya haraka haraka mwanzoni mwa 2010. Nilivyoisoma hiyo nilicheka mpaka mteja akadhani namcheka yeye.

Ushauri wangu mkubwa unatokea hapo: usiangalie neno "imefungiwa", angalia kosa. Maana makosa hayafanani. The Texas Chain Saw Massacre ya 1974 bodi ya Uingereza iliikataa mwaka 1975, na ikaja kupitishwa bila kukatwa hata kidogo mwaka 1999. Watu wakisikia historia hiyo wanategemea kuona bucha. Mimi nimerudishiwa hiyo muvi kaunta na jamaa kanuna, "kaka mbona hamna kitu, damu yenyewe iko wapi". Na kweli damu ni kidogo, Tobe Hooper aliyeitengeneza alikuwa na matumaini kabisa ya kupewa alama ya PG, ile ya mtoto kuangalia kwa mwongozo wa mzazi. Kilichowashinda bodi ni kwamba hakukuwa na kipande cha kukata, woga wote uko kwenye sauti na yale makelele na ile hali ya kwamba hakuna anayekuja kukusaidia. James Ferman, aliyekuja kuwa bosi wa bodi baada ya kukataliwa mara ya kwanza, naye hakuipitisha, alivyostaafu ndo ikapita. Sasa hiyo ukimpa mtu anayetaka damu anaona umemtapeli, ukimpa mtu asiyependa hora anakesha macho.

Halafu kuna Cannibal Holocaust, ya Muitaliano Ruggero Deodato, 1980. Hii ndo kila dogo anaitaja. Ilikamatwa Italia muda mfupi baada ya kutoka, na mwenyewe akajikuta anatakiwa athibitishe kwamba waigizaji wake wako hai, jinsi ilivyofanana na kweli. Watu wakiipata wanasubiri hayo mauaji ya watu. Lakini wanyama mle ndani waliuawa kweli, mbele ya kamera, yupo kobe mkubwa, wapo nyani. Uingereza wana sheria ya 1937 kuhusu kutesa wanyama kwa ajili ya filamu, na ilivyopita 2001 ilikatwa karibu dakika sita, halafu 2011 bodi ikaipitisha ikiwa imekatwa sekunde 15 tu, na hizo sekunde 15 ni za mnyama mmoja mdogo. Binadamu wote wakabaki, maana binadamu ni maigizo. Mimi nimeshaona watu wazima wanaojisifu kwamba hakuna hora inayowatisha wanaomba isimamishwe pale kwenye kobe. Kwa hiyo mteja akiniomba hiyo namwambia kabisa, wanyama ni kweli, unaitaka au huitaki. Wengi wanasema basi.

Jambo dogo la kiufundi maana linaleta ugomvi. Ukiwa na toleo mbili za muvi moja, hii dakika 100 na hii 96, usikimbilie kusema hii imekatwa. Mikanda na DVD za Ulaya zilikuwa zinakimbizwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema, muvi nzima inakwenda kasi kidogo, na katika dakika 100 unapoteza kama nne bila mtu kugusa mkasi. Ukitaka kujua kama imekatwa kweli, ingia tovuti ya BBFC, ni bure, andika jina la muvi, watakuambia alama yake, kwa nini, na kama kuna kilichotolewa. Human Centipede 2 kwa mfano, waliikataa nzima Juni 2011, Oktoba wakaipitisha baada ya kukatwa sehemu 32, jumla dakika mbili na sekunde 37. Mtu akikuuzia kwa bei ya juu kwa sababu "hii ndo ile iliyofungiwa", muulize ni ipi kati ya hizo.

Huku kwetu mambo ni tofauti. Tanzania bodi ya filamu ipo kwa Sheria Namba 4 ya mwaka 1976, Kenya wana bodi yao KFCB na alama za GE (ya watu wote), PG, 16 na 18, lakini ukicheki zilizoleta kelele hapo Kenya sio hora hata kidogo. The Wolf of Wall Street 2014, mapenzi na madawa. Rafiki 2018, wasichana wawili wanapendana, ikafungiwa, mahakama ikaifungulia siku saba mwezi wa tisa ili iweze kuombewa Oscar, na kumbi Nairobi zikajaa. Mtu kukatwa kichwa kwenye skrini sijaona kukileta hata robo ya huo moto. Hilo kila mtu atalisoma anavyojua, mimi nasema tu kwamba kama mzazi unategemea bodi ikuchujie damu, utasubiri sana.

Na hata wangechuja, stika ya 18 haisafiri na flashi. Dogo anakuja na flashi ya baba yake, "nimetumwa na kaka, kasema weka za kutisha". Mimi sheria yangu dukani ilikuwa huyo kaka aje mwenyewe, na mara nyingi hakuna kaka anayekuja. Kwenye vibanda umiza ndo usiseme, mwenye kibanda anaangalia mia mbili yako, haangalii meno yako kama ya utoto yameisha. Ingawa nikiri kitu kimoja kuhusu muvi zilizotafsiriwa, DJ akiongea juu ya hora woga unapungua sana, kile kimya cha kabla ya mlango kufunguka yeye anakijaza na utani, watoto wanacheka. Hora iliyotafsiriwa ni komedi.

Wazazi sasa. Kabla ya kumruhusu mtoto, ingia IMDb kuna sehemu inaitwa Parents Guide, watu wameandika kila kitu kilichomo, damu, matusi, uchi, vya kutisha. Kuna tovuti nyingine, Does the Dog Die, ilianza na kujibu kama mbwa anakufa kwenye muvi, siku hizi inajibu na mengine kibao. Ila usihesabu damu peke yake. Nilivyoona mimi, watoto mazombi wanayazoea haraka tu, wanayaigiza uwanjani. Kinachowafanya wagome kwenda chooni usiku ni kitu kinachofanana na nyumbani kwao. Waliokua enzi za muvi za Bongo kama Nsyuka na Shumileta wanajua ninachosema, hizo zilikuwa zinawekwa sebuleni familia nzima imekaa, kwa sababu ni za Kiswahili basi zinaonekana hazina shida, na watoto waliolala na taa miaka ile ni wengi kuliko waliotishwa na hora yoyote ya Mzungu. Muvi ya majini ya kwetu ipime kwa macho yale yale.

Mwisho kuna ambazo sikuwahi kuziweka hata mteja akiongeza hela. A Serbian Film ya 2010 ni mojawapo. Uingereza waliikata sehemu 49, dakika nne na sekunde 11, na tamasha la hora la London lililokuwa liionyeshe likaiondoa badala ya kuonyesha iliyokatwa. Walioitengeneza wanasema ni fumbo la siasa za nchi yao, sawa, lakini kuna vitu humo vinawahusisha watoto, na kwangu hata kama ni maigizo biashara inaishia hapo. Na nyie mnaorushiana vipande vya muvi kama hizo kwenye magrupu ya WhatsApp mkisema "eti angalieni hii kitu", Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 ina vifungu vya picha chafu, vya watoto vina kifungu chake peke yake, na admini hawezi kujua kama ni muvi au ni kweli, na polisi akishika simu yako hataanza kwa kukuuliza jina la dairekta. Ukitumiwa, futa, na kama simu yako inajipakulia video yenyewe nenda kwenye setingi uzime leo.