Kwani "lonely" si ni kuwa peke yako?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu wa kike yuko Manchester anasomea unesi, wanakaa nyumba moja wasichana watano. Juzi kaweka stetasi WhatsApp "I feel so lonely", mi nikamwandikia acha uongo wewe, si mko watano humo ndani? Basi kanuna, mesiji zangu anaziona hajibu. Kwani lonely si ni kuwa peke yako? – Dada mtu, Tanga

JIBU: Marahaba dada, na pole, najua hukumwandikia kwa ubaya. Neno ulilokuwa nalo kichwani ni alone, hilo ndo la kuwa peke yako, yaani hakuna mtu mwingine hapo basi, halisemi kama una raha au una majonzi. Mtu anakwambia I live alone na maisha yake anayafurahia kabisa. Lonely ni ule upweke wa moyoni, unatamani mtu anayekuelewa, wa kupiga naye stori vile mnavyopigaga nyumbani, na huyo mtu hayupo hata kama sebule imejaa watu. Kwahiyo mdogo wako anaweza kupika na wenzie wanne jikoni kila siku na bado akawa lonely, hajakudanganya hata kidogo.

Ila hata wewe una haki ya kuchanganya, maana zamani haya maneno yalikuwa karibu sana. Alone imetokana na all one, na Shakespeare mwanzoni mwa miaka ya 1600 alilitumia lonely kwa joka linaloishi mbali na watu, hii maana ya huzuni ikaja kushika zaidi karne ya 19.

Sasa kwenye kulitumia ndo wengi wanateleza, wanaona linaishia na ly kama slowly wanadhani ni kielezi, kumbe ni kivumishi. Usiseme I ate lonely, sema I ate alone. Halafu alone haikai mbele ya nomino, hakuna an alone man, hapo ndo unasema a lonely man, na ukisikia a lonely road ujue ni barabara isiyopita watu. Upweke wenyewe ni loneliness. Wamarekani wanapenda pia lonesome, maana ni hiyohiyo. Ila solitude ni kitu kingine, hiyo ni ya mtu aliyekaa pembeni mwenyewe kwa kupenda, anatulia zake.

Na naomba usilichukulie hili neno kama la kudeka dada yangu. Huko huko Uingereza aliko mdogo wako, Januari 2018 serikali ilimpa waziri mmoja, Tracey Crouch, kazi ya kushughulikia upweke, kufuatia kazi ya tume iliyobeba jina la mbunge Jo Cox aliyeuawa 2016, Japani nao wakateua wa kwao 2021. Shirika la Afya Duniani mwaka 2025 likatoa ripoti kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na vijana wamo sana tu, siyo wazee peke yao kama tunavyodhani huku kwetu. Msichana aliyezoea nyumba ya Tanga, majirani wanaingia bila hodi, leo yuko sehemu kila mtu kafunga mlango wake, lazima aumie.

Usihangaike kumjibu kwa Kiingereza. Mwambie pole mdogo wangu, sikukuelewa, nimekumiss, halafu mpigie, usiishie kwenye mesiji, na simu mpe mama pia. Saa zao ziko nyuma yetu kwa matatu kipindi cha baridi na mawili kipindi cha joto, kwahiyo saa tatu usiku ya kwetu kwake bado ni jioni, muda mzuri tu wa kumkuta karudi chumbani.