Roketi Ikiruka Marekani, Wewe Uko Nairobi: Saa, Bando na Mahali pa Kutazama

Kinachowakosesha wengi uhondo si mtandao, ni saa. Ratiba za kurusha setilaiti hutolewa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, au kwa saa za mahali roketi iliposimama: Florida iko nyuma yetu kwa saa 7 au 8 kutegemea msimu, California kwa saa 10 au 11. Achana na hesabu za Marekani, shika UTC peke yake. Ukitaka saa inayoonekana kwenye simu, jumlisha 3. Ukitaka saa ya Kiswahili, toa 3 moja kwa moja. Kwa hiyo 14:00 UTC ni saa 11 jioni, na 06:48 UTC ni saa 3 na dakika 48 asubuhi.

Hiyo ya pili ndiyo dakika ambayo Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kutazama ardhi, iliruka kwa Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, kutoka kituo cha Vandenberg huko California, Jumamosi tarehe 15 Aprili 2023. California ilikuwa bado Ijumaa usiku, tarehe 14. Aliyenakili tarehe ya kule bila kuigeuza alikesha Ijumaa bure.

Usikimbilie kuwasha video mapema. Matangazo ya SpaceX yenyewe kwa safari za kawaida huanza dakika chache tu kabla ya kuruka. La kuangalia kwanza ni habari ya mafuta, ambayo huandikwa kwenye ukurasa wao wa X. Falcon 9 huanza kujazwa dakika 35 kabla ya kuruka. Kama dakika hiyo imepita na hakuna dalili, saa itasogezwa, nawe weka bando lako.

Mafuta yakishaanza kuingia, hakuna tena nafasi ya kungojangoja. Roketi hii inachoma mafuta ya taa yaliyosafishwa sana pamoja na oksijeni ya kimiminika, na oksijeni hiyo imepozwa hadi karibu nyuzi 207 chini ya sifuri ili ishikamane na nyingi zaidi iingie tangini. Ikikaa inapata joto na kutanuka. Ndiyo maana ukisikia neno "hold", yaani simamisha, likirudiwa redioni dakika ya mwisho, jaribio hilo kwa kawaida limekwisha: lazima wamwage na kujaza upya, na mara nyingi wanaahirisha hadi siku nyingine. Taifa-1 iliahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya hali ya hewa. Kwa hiyo usialike watu nyumbani kwa jaribio la kwanza, au waalike na uwe na sababu nyingine ya kuwapikia.

Fuata saa ya kuhesabu iliyo kwenye skrini ya video, si ya ukutani. Video ya mtandaoni huchelewa, na kila simu kwa kiasi chake. Ni yaleyale ya mpira, jirani anashangilia goli ambalo kwako bado ni kona. Ubora wa 480p unatosha kabisa, kwa sababu cha maana zaidi ni tarakimu za mwendo na kimo, na hizo zinasomeka. Chaji simu na uwe na bando pembeni: stima ikipotea, ruta inazimika nayo.

Baada ya kuruka, sekunde ya 70 hivi utasikia "Max Q", pale hewa inapoikandamiza roketi kwa nguvu zaidi. Kama dakika 2 na nusu, injini 9 za chini huzimwa na vipande viwili vya roketi, cha kwanza cha chini na cha pili cha juu, vinaachana. Hapo tazama mwendo. Ukiwa karibu kilomita 8,000 kwa saa, kipande cha kwanza kinakwenda kutua kwenye jukwaa linaloelea baharini, mamia ya kilomita kutoka pwani. Ukiwa mdogo zaidi, karibu 6,000, na injini zikawaka tena mara moja, kinarudi nchi kavu.

Kutua ni takriban dakika ya 8. Hata injini moja ikipunguzwa hadi mwisho, nguvu yake inazidi uzito wa kipande hicho ambacho sasa ni karibu kitupu, kwa hiyo hakiwezi kuelea hewani kikijipanga. Mwendo lazima ufike sifuri palepale kinapogusa sakafu. Kikichelewa kinajigonga, kikiwahi kinaanza kupanda tena. Miguu minne hufunguka sekunde chache tu kabla. Picha ya jukwaani ikiganda hapo, usiilaumu ruta yako. Mtikisiko wa injini huyumbisha antena ya jukwaa. Subiri nusu dakika.

Kosa kubwa ni kufunga simu wakati huo. Kutua ni faida ya mwenye roketi; mwenye setilaiti bado hajapata kitu. Kipande cha pili, ambacho hakirudi, ndicho kinafikisha mzigo, kikiwa karibu kilomita 27,000 kwa saa. Setilaiti zinazokwenda juu sana husubiri injini iwake tena karibu dakika ya 27, kipande kikiwa jirani na Afrika, na utasikia Gabon ikitajwa maana kuna kituo cha kupokea mawimbi huko. Safari za pamoja kama ile ya Taifa-1 huachia mizigo mmoja mmoja, na shughuli hupita saa nzima.

Jihadhari na chaneli bandia. Zinarudia video za zamani, zinaweka msimbo wa kuskani na kuahidi kukurudishia sarafu za kidijitali maradufu. Linganisha saa ya kwenye skrini na ratiba. Kwa tapeli hazipatani.

Siku chache baada ya kurushwa kwa Starlink, setilaiti za intaneti za SpaceX, unaweza kuziona mwenyewe, zimejipanga kama shanga. Fungua tovuti ya Heavens-Above na uweke latitudo −1.29, longitudo 36.82 na saa za Nairobi. Ukisahau alama ya kutoa, umejihamisha zaidi ya kilomita 280 kaskazini. Tazama kati ya saa 1 na saa 2 usiku, au saa 10 na nusu hadi 11 na nusu alfajiri, ukiwa mbali na taa za barabarani. Julai usitegemee, mawingu hayatoki. Shanga zikizimika moja moja kwenye anga safi pasipo wingu, zimeingia kwenye kivuli cha dunia.