Bampa si ya Kupapasia Ukingo

Nina Mark X. Kila nikipaki mjini, bampa ya mbele inakwaruzwa na ukingo. Nifanyeje? (Msomaji, Tudor)

Swali hili halinikauki mezani. Linalobadilika ni jina la gari tu. Wengi mnangoja tairi liguse ukingo ndipo msimame. Ndugu yangu, bampa imelitangulia tairi kwa karibu nusu mita. Kingo nyingi zina kimo cha sentimita 10 hadi 15, na mdomo wa bampa ya gari la chini uko papo hapo. Wakati wa kuingia huenda ukaupanda ukingo kimyakimya, usisikie kitu. Kisha unapakia watu na mizigo, gari linadidimia, unatia rivasi, na ukingo unaing'oa bampa pamoja na klipu zake.

Ingia kwa rivasi. Bampa ya nyuma kwa kawaida iko juu zaidi (chunga ekzosi tu), na ukitoka utawaona tuktuk na bodaboda kabla hawajakufikia. Gari lenyewe limetoka Japani, ambako watu wamezoea kuingiza nyuma kwanza.

Kama ni lazima uingie kwa mbele, simama mapema, ushuke utazame. Hakuna atakayekucheka, na akicheka hatakulipia rangi. Siku moja uwanjani kwako mwambie mtu akusimamishe bampa ikiwa futi moja kabla ya ukingo, kisha tazama nje, si ndani ya kioo: mstari wa ukingo unaangukia wapi ukilinganisha na kioo cha pembeni? Alama hiyo ndiyo utakayoitumia mjini.

Gari langu lina sensa mbele, lakini hazikulia. Ni mbovu? (Msomaji, Nyali)

Si mbovu. Ziko juu, zinatazama ukuta na gari la mwenzako; ukingo mfupi unapita chini yake.

Nataka kukata springi gari likae chini kidogo, lipendeze. Fundi gani ni mzuri? (Kijana, Kisauni)

Hakuna. Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake, na shoki itakufa kabla ya wakati wake. Mwezi ujao utaniandikia kuhusu bampa.

Nikishuka kwenye feri Likoni, pua ya gari inagonga. Je, niongeze mwendo nipite haraka? (Msomaji, Mtongwe)

La hasha! Mwendo ndio unaoivunja. Wewe mtu wa Likoni wa kufundishwa maji? Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana na mteremko unakuwa mkali. Tazama jedwali la maji kabla ya kutoka nyumbani. Ukiwa kwenye rampu, nenda taratibu bila kukanyaga breki ghafla, kwa sababu breki huinamisha pua. Na siku maji yamekauka kabisa, njia ya Dongo Kundu, isiyopita feri, ipo.

Bampa imepasuka. Fundi wa mtaani anataka kuishona kwa waya. Nikubali? (Dada wa Bamburi)

Itashika, lakini mshono utaonekana. Tazama upande wa ndani: ukiona herufi PP, plastiki hiyo huyeyuka na kuungwa kwa moto. Tafuta fundi mwenye kifaa chake, si yule wa kiberiti na mfuko wa nailoni. Kabla hujalipa, mwambie akague vishikizo vya taa. Mara nyingi huvunjika pamoja na bampa na hakuna anayekuambia.

Bima yangu ya thadi pati italipa? (Wengi)

Hailipi.