Mtaka Land Rover ya Zamani Sharti Ainame

Niliponunua Land Rover yangu ya kwanza sikuinama. Niliizunguka mara mbili, nikagonga boneti kwa kidole, nikafungua mlango na kuufunga ili nisikie ule mlio mwepesi wa alumini niliouzoea tangu utotoni, enzi za bwana shamba kuja kijijini kwetu na sisi watoto kukimbilia vumbi lake. Ilikuwa 109 (ndizo inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma) ya Series III, moja ya matoleo ya zamani, imepigwa rangi ya kijani wiki hiyohiyo. Nikahesabu fedha palepale uani. Miezi miwili baadaye, kwenye barabara ya Karatu kwenda Mbulu, chesisi, ile fremu inayobeba gari zima, ilikatika karibu na springi ya nyuma, bodi ikalala upande mmoja. Fundi aliyekuja kunivuta aliingiza bisibisi kwenye chuma, ikazama mpaka kwenye mpini. Chini ya rangi ile mpya kulikuwa na puti ya kuzibia mashimo, magazeti yaliyokunjwa na kutu.

Tangu siku hiyo nimenunua nyingine mbili, na marafiki wakitaka kununua huniita nikawatazamie. Ninayoandika hapa nimeyalipia.

Watu husema Land Rover haishiki kutu. Ni kweli nusu. Gari hili lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi, basi kampuni ya Rover ikaitumia kutengenezea bodi. Lakini chesisi ni chuma, na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva nao ni chuma. Kwa hiyo bodi inaweza kung'aa miaka hamsini huku kilichoibeba kikiliwa kimyakimya. Tena pale chuma na alumini vinapogusana, maji yakiingia katikati, alumini ndiyo huanza kuoza. Ukiona rangi imevimba na chini yake kuna unga mweupe, ndiyo hiyo.

Basi nenda na nyundo ndogo, tochi na sumaku, uvae nguo ambazo hutazionea huruma. Lala chini. Gonga chesisi taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, kama kugonga boga. Kaa zaidi kwenye boriti ya nyuma inayofungwa ndoano ya kukokotea, kwenye mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, na kila mahali springi inaposhikia. Kisha ingia ndani, nyanyua mkeka, utazame panapokaa miguu. Sumaku ikishindwa kushika kwenye chesisi, hapo kuna puti nene. Ikishika kwenye madigadi, kuna mtu alishatoa alumini akachomelea bati. Muuzaji akikuharakisha ukiwa bado uvunguni, toka, mpe mkono, nenda zako.

Mimi nikipewa kuchagua, nitafuata gari lililoishi Dodoma, Singida au Manyara, hata kama limechoka kwa macho, kuliko lililopendeza likiwa limekaa Tanga au Dar es Salaam. Chumvi ya bahari haina huruma na chesisi.

Injini hainitishi. Ile ya petroli ya lita 2.25 ni nyepesi kuelewa, na wazee wanaoijua bado wapo, ingawa wanapungua. Angalia tu kama ndiyo iliyomo. Nyingi zilishang'olewa zikawekwa za Toyota au Nissan, na kama unataka gari la kwendea shambani silioni kosa lake. Ila namba ya injini ilingane na kadi ya gari. Namba ya chesisi nayo isome kwenye chuma chenyewe: kwa Series II na III hugongwa upande wa kulia mbele, pale springi inaposhikia chesisi. Hapo pana matope na grisi ya miaka mingi, futa mpaka uione. Usikubali kuonyeshwa kibao cha namba cha ndani peke yake, maana kibao kina skrubu na skrubu hufunguliwa. Na ikibidi kubadilisha chesisi, usikate kitu kabla hujauliza TRA na polisi.

Ukiliendesha, usiogope kila kelele. Series IIA, ya 1961 hadi 1971, haina sinkromeshi, kile kifaa kinacholainisha gia kuingia, kwenye gia namba moja na mbili, kwa hiyo zitalia mpaka ujifunze kukanyaga klachi mara mbili kama madereva wa zamani. Kwenye Series III gia zote nne za mbele zinayo. Ugonjwa wa kweli ni gia kuruka yenyewe unapoachia mafuta kwenye mteremko. Tafuta barabara ya vumbi, si lami, ubonyeze kile kirungu cha njano karibu na gia: magurudumu ya mbele yanaanza kuvuta. Chekundu, ukikivuta nyuma gari likiwa limesimama, kinaleta nguvu ya kupandia mlima. Vikigoma vyote, punguza bei unayotaja. Na ukishalinunua, beba shafti moja ya akiba ya ekseli ya nyuma, kwa sababu za Series hukatika ukilazimisha kwenye matope.

Jambo moja la gereji, kwa sababu linaniuma kila nikiliona. Bolti za magari haya ni za inchi. Fundi kijana anachukua spana namba 13 ya milimita, inaingia kwenye kichwa cha nusu inchi, anaona imekaa. Nusu inchi ni milimita 12.7. Akikaza kwa nguvu pembe zinaliwa, na bolti iliyodumu tangu enzi za baba yake inamalizikia kwa patasi. Nunua seti yako ya spana za inchi kabla hujanunua hata tairi, uwe unaibeba kila unapokwenda kwa fundi.

Sasa kuhusu kukarabati, na hapa ndipo penye moyo wangu. Ile Land Rover ya kwanza niliitengeneza nikaimaliza: chesisi tuliichomelea upya, bodi tukaikwangua ikabaki alumini tupu, rangi mpya, viti vipya. Vijitabu vilivyokuwa chini ya kiti, vyenye maandishi ya madereva wa zamani, nilivitupa na takataka. Gari lilipendeza. Lakini nikikaa ndani yake silisikii. Lingeweza kuwa la mtu yeyote, limetoka popote.

Ya pili, 88 ya Series IIA, niliipata vijijini Singida kwa mzee aliyeinunua kwenye mnada wa serikali. Tulipoanza kupiga msasa mlango wa kushoto, chini ya tabaka mbili za rangi zikatokea herufi nyeupe: KILIMO. Nilimshika fundi mkono. Mlango ule hatukuupaka tena; tuliusafisha, tukaupitishia vanishi, na herufi zipo mpaka leo.

Tangu hapo nakusanya pia kinachoambatana na gari: vitabu vya mafundi, orodha za spea, hendeli ya kuwashia injini kwa mkono, jeki yake, beji ya duara refu yenye maandishi SOLIHULL WARWICKSHIRE ENGLAND. Beji mpya za kuiga zinauzwa tele, kwa hiyo usilipe bei ya kale kwa inayong'aa bila mkwaruzo. Usiisugue iliyochakaa. Karatasi weka kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, mchwa wasifike, na mimi huweka majani makavu ya mwarobaini katikati. Ukiwa na namba ya chesisi unaweza pia kuomba cheti kutoka British Motor Museum, makumbusho ya magari iliyoko Gaydon, Uingereza. Kumbukumbu zao huonyesha gari lilitengenezwa lini na likapelekwa wapi.

Ila kumbukumbu kubwa haiko Gaydon. Mwaka jana nililipeleka lile 88 Singida. Nilimkuta mzee ameketi chini ya mti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umemrudisha?"

Akaamka na mkongojo, akapitisha kiganja kwenye zile herufi, kisha akaenda moja kwa moja kwenye madigadi ya kulia, penye bonde ambalo nilikuwa nimepanga linyooshwe wiki ile. Akaniambia ni pembe ya dume lake, siku alipombeba kwenda mnadani naye akakataa kushuka. Akanitajia rangi ya yule dume, jina lake, na mtu aliyemnunua. Nilichukua daftari nikaandika yote, nikamsomea, akanisahihisha mahali pawili. Jioni nilimpigia fundi simu nikamwambia lile bonde aliache.