Jibu: Marsabit hadi Sibiloi kwa gari moja

Ndugu, umeuliza kama Prado moja inatosha kutoka Marsabit, kaskazini mwa Kenya, hadi Sibiloi, hifadhi ya taifa kando ya Ziwa Turkana, mwezi wa nne. Gari halina neno, mwezi ndio shida: ni wa mvua. Jangwa la Chalbi, lililo njiani, likinyeshewa, juu utaona ukoko mkavu kabisa, kumbe chini ni tope tupu. Mkizama hadi ekseli, nani atawavuta? Ngojeni Julai, tena mwende magari mawili. Jazeni tangi na madumu palepale Marsabit. Tairi za akiba ziwe mbili, na pampu, maana kwenye mchanga mtapunguza upepo. Maji ya kunywa pekee hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku. Ziwa Turkana lisikudanganye: maji yake yana magadi, na mamba ndio kwao. Waambieni askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) tarehe mtakayorudi, wajue mkichelewa.