Usimruhusu achekeshe: tulivyoigiza hasira za kina mama

Ukitaka watu wacheke hasira za mwanamke jukwaani, mkataze mwigizaji wako kuchekesha. Tulilijua hilo kwa aibu hapa Moshi, kina mama tisa wa kikoba kimoja cha Pasua, wengi wetu hatujapanda jukwaani tangu ngonjera za shule ya msingi.

Kisa chenyewe chepesi. Mama kafundishwa kwamba hasira zikipanda ahesabu mpaka kumi. Kila akifika saba, hodi! Wifi anaazima sufuria na ile ya kwanza hajairudisha. Mtoto kapoteza sweta la shule. Mama mkwe kashuka kutoka Marangu na mkungu wa ndizi, na siku ya kuondoka hajaitaja. Mama anarudi kwenye moja.

Wiki mbili za mwanzo mwenzetu alitoa macho, akabinua midomo, akafoka. Hatukucheka hata sisi. Nikamwambia, "Dada, usifoke. Mgeni kaja, mkaribishe, mmiminie chai, isimwagike." Basi akamimina, birika linatetemeka, huku akisema "Karibu mama, karibu sana" kwa sauti ya mtu aliyebanwa kidole na mlango. Tulilala chini. Hasira inachekesha ikiwa bado iko chunguni na mfuniko unarukaruka.

Halafu milango. Tulianza kwa kutundika kanga kwenye kamba, lakini kanga utaibamizaje? Mchezo kama huu ni wa huyu katoka, yule kaingia, wamepishana kidogo tu. Tukamtafuta fundi seremala, akatugongea fremu mbili za mbao za grevilea, milango ina vitasa. Zilikula nusu ya fedha zetu na sijutii. Jioni nzima fanyeni mazoezi ya milango peke yake, bila neno hata moja.

Kanga zetu hazikupotea bure. Wifi aliingia na "Hasidi hana sababu", akageuka taratibu ili mwenye nyumba asome vizuri. Vigelegele!

Na usirefushe. Vichekesho vya vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT (Tanzania One Theatre) miaka ya 1990 vilikaa katikati ya ngoma na taarabu, watu wakabaki na hamu. Chetu kilikuwa cha nusu saa, na bado naona kilizidi.

Kilichonisumbua zaidi ni kofi. Mwanzoni tuliweka mume anayerudi na pombe ya mbege kichwani na kumzaba mkewe. Tukawajaribia majirani. Wanaume wakaangua kicheko, wanawake wakatazama sakafu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Siku ile sheria hiyo ilikuwa bado haijafika uani kwetu. Nililifuta kofi usiku uleule. Mume akawa mtu anayeogopa ukimya wa mkewe, kila akisikia "sita" anajibanza nyuma ya mlango. Safari hii walioanza kucheka ni wanawake, tena wengine waliwatazama waume zao kwanza. Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe, ita majirani, wewe kaa pembeni uangalie nani anacheka na nani kanyamaza.

Siku ya onyesho umeme ulikatika mama akiwa kwenye saba. Giza totoro. Ukumbi mzima ukamsaidia: "Nane! Tisa! Kumi!" Kimya kidogo, kisha sauti yake ikatoka gizani: "Bado haijashuka."

Sasa hivi taa tunazima wenyewe.